Umekatazwa Nini?

Kosa langu la kwanza ni hili: nilijua kwamba mama mkubwa ana sukari, nikaandika mafua.

Nalisema mwanzoni kwa sababu najijua. Nikilichelewesha nitalizungushia maelezo mpaka lionekane dogo. Mimi ni mtu wa kuandika upya barua ya salamu mara tatu kwa ajili ya herufi moja iliyopinda. Mtu wa namna hiyo akikosea, kitu cha kwanza anachotafuta ni kifutio.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mhudumu wa zahanati katika kijiji kimoja upande wa Kitaya, si mbali na Mto Ruvuma. Kazi ya mhudumu ilikuwa kufagia, kuchota maji, kuchemsha vyombo, na asubuhi kukaa mezani kuandikisha wagonjwa. Sikuisomea. Shule niliishia darasa la saba. Nilichokijua nilijifundisha mwenyewe kutoka kitabu kimoja cha afya kisicho na jalada, nilichokikuta kabatini chini ya maboksi matupu. Nilikisoma mwanzo hadi mwisho, nikakirudia, nikafika mahali pa kujua kila mchoro uko upande gani wa ukurasa.

Katika kitabu kile kila ugonjwa ulikuwa na ukurasa wake. Dalili juu, matibabu chini. Mafua yalikuwa mwanzoni, pumu katikati, sukari mbali kabisa karibu na mwisho. Nami nikaelewa kwamba ndivyo magonjwa yanavyoishi, kila mmoja na nyumba yake, hayaazimani hata chumvi.

Nesi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka mikoa ya bara, Mkristo, aliyehamia huku na mumewe mwalimu. Kijiji kizima kilimwita Sista. Siku yangu ya kwanza alinipa maswali manne: Una umri gani? Unatoka mtaa gani? Unaumwa nini? Unaumwa kitu kingine?

"Usiniongezee wala usinipunguzie," alisema. "Andika anachosema mgonjwa. Kutibu niachie mimi."

Maneno yale niliyashika kama dua. Nilimuuliza kila mtu kwa mpangilio uleule, na kwa wazee ambao Kiswahili kiliwakwama niligeuza kwa Kimakonde, lakini swali halikubadilika. Daftari nilikuwa nimelipiga mistari kwa rula. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja, ugonjwa mmoja. Nilikuwa nimejaza kurasa arobaini bila kukata neno, na nilikuwa nikizihesabu hizo kurasa zaidi ya nilivyohesabu waliopona.

Ukafika mwezi wa sita. Kwetu huo ni mwezi wa salfa. Mikorosho inapoanza kuchanua, ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, huvamia maua na kuyakausha, na dawa yake ni unga wa njano wa salfa unaopulizwa kwa mashine alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Kwa wiki kadhaa kila kitu kinanuka kiberiti. Macho yanawasha, makoo yanakereketa, kijiji kizima kinakohoa, na hakuna anayeshtuka. Ukimsikia mtu anakohoa unamwambia "Pole na salfa," naye anaitikia "Ndiyo msimu," mnapita.

Mwaka ule mafua yaliingia katikati ya msimu huo. Yalianzia shuleni. Watoto walipata homa, viungo vikawauma, wakalala siku tatu nne, wakarudi kucheza. Baadaye wazazi wao nao wakayapata. Lakini kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepuliza au amepita penye kupulizwa, neno lilikuwa moja: salfa. Hata mimi mwenye kitabu nilisema salfa mpaka Sista aliponiambia, "Salfa haileti homa. Andika mafua."

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Hana mtoto mwingine. Mumewe alifariki akamwachia mikorosho, naye aliihudumia mwenyewe, mgongo ukiwa umenyooka kama wa askari. Miaka miwili kabla ya msimu huu alikwenda Mtwara mjini kwa sababu ya kidonda cha mguuni kilichogoma kupona. Wakampima, wakamwambia ana sukari. Alirudi na vidonge na orodha ya makatazo: sukari kwenye chai, soda, na mabibo. Katika orodha yote, mabibo ndiyo yaliyomuuma. Mwanamke mwenye mikorosho yake kuambiwa asile tunda la mikorosho yake!

Vidonge alivitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati. Alikuwa na utaratibu wake. Siku akila pilau ya harusi au akiiba bibo, anameza kimoja. Siku nyingine kopo halifunguliwi.

"Mama mkubwa, kitabu kinasema kila siku," nilimwambia mara moja.

"Kidonge ni cha kumfukuza mgeni," alinijibu. "Mgeni hajaja, nimfukuze nani?"

Akacheka, nami nikacheka, nikaacha. Nililala nyumba moja na kopo lile miaka miwili na sikulitaja tena.

Asubuhi aliyokuja zahanati, benchi lilikuwa limejaa. Kando yake alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mimi namwita baba mdogo. Hao wawili wakikutana hapana salamu ya kawaida.

"Shemeji," alisema baba mdogo akimtazama anavyofuta kamasi kwa pindo la kanga, "salfa umeipuliza au umeila?"

"Nimeila," alijibu kwa sauti iliyokauka. "Ingebaki, ungeiiba ukapulizie mikorosho yako iliyokonda."

"Afadhali mikorosho yangu imekonda. Wewe mwenyewe umekonda mwaka huu, unataka kuolewa tena?"

Benchi likacheka. Nami nilicheka. Kweli alikuwa amekonda, na kila mtu aliliona kwa jicho la utani.

Ikafika zamu yake. Nilimuuliza kama nilivyomuuliza kila mtu, kwa sababu nilijivunia kutokuwa na upendeleo.

"Unaumwa nini?"

"Mafua. Na mwili wote, kama nimepigwa."

"Unaumwa kitu kingine?"

"Siumwi."

Peni yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nakumbuka vizuri kwamba kopo la maziwa lilinijia kichwani, lile kopo lenyewe na kutu yake ya mdomoni. Nikafikiri mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, nikiandika sukari nitakuwa nimemfanya mama mkubwa mwongo mbele ya benchi zima. Pili, Sista alisema niandike anachosema mgonjwa. Tatu, na hili ndilo ninaloona haya kulisema, nafasi ya ugonjwa katika mstari ilitosha neno moja, na neno mafua lilikuwa limeshakaa pale, katikati, limependeza.

Nikageukia mgonjwa aliyefuata.

Sista alimsikiliza kifua, akampa Panadol, akamwambia apumzike na anywe maji mengi. Hakuwa na sababu ya kumpima zaidi. Alisoma nilichoandika.

Siku mbili zilizofuata mama mkubwa alikunywa maji kuliko nilivyowahi kumwona. Nilijaza mtungi asubuhi, mchana ukawa umekwisha. Alitoka uani kila mara. Nami nilifurahi. Nilijisema, huyu ni mgonjwa anayefuata maelekezo. Hata nilimsifia. Chakula hakukitaka, na kwa kuwa hakula kitu chochote kitamu, kidonge hakumeza hata kimoja. Kwa hesabu yake mgeni alikuwa mbali kabisa.

Siku ya nne asubuhi nilimpelekea uji, akaniita kwa jina la mama yangu. Alikuwa anahema kwa haraka, kama mtu aliyepanda mlima, naye amelala. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilimwuliza kama ananijua. Akasema, "Nakujua, umekuja lini kutoka shamba?" Sikuwa nimekwenda shamba.

Nilikimbia kwa Sista. Alikuja na kipima joto mfukoni, akapiga magoti kando ya kitanda, akamgusa, akamvuta ngozi ya mkono. Alipoinuka macho yake yakatua juu ya kabati.

"Kopo la nini lile?"

"Vidonge, Sista."

"Vya nini?"

"Vya sukari."

"Vya nani?"

Nilimwonyesha kwa kidole, kama mtoto.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Hakupaza sauti. Alinitazama tu, akasema, "Na mwandishi wetu ni wewe." Halafu akatoka kwenda kutafuta gari.

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu iliyoleta salfa kijijini na sasa inarudi mjini na magunia matupu. Tukayatandika, tukatia godoro juu. Njia nzima nilikuwa nimemshika kichwa. Vumbi la njano lilitoka kwenye magunia likakaa kwenye kanga yake, kwenye nyusi zake, na kila alipokohoa nilikuwa natamani iwe ni salfa kweli. Niliomba, lakini nilichoomba hakikuwa kizuri. Niliomba apone ili isijulikane. Baadaye kidogo, tulipokaribia mjini na kuanza kuona nyumba za bati, niliacha kuomba hivyo, nikaomba apone tu.

Hospitalini daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Kitu cha kwanza nilichosema, kabla hajaniuliza, ni "Ana sukari." Nililisema kwa sauti kubwa mno mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Walimtundikia maji, wakamchoma sindano za kushusha sukari, wakampa dawa ya nimonia. Siku ya kwanza hakunijua. Siku ya pili alinijua lakini hakutaka kuzungumza. Siku ya tatu aliomba chai, akaongeza, "Isiwe na sukari, kabla hamjanikemea."

Siku hiyo daktari alinikuta barazani, nikamwomba anieleze. Nilikuwa nimejitayarisha kwa karatasi na peni. Alitazama ile karatasi akatabasamu kidogo.

"Mafua kwa mtu mwenye afya ni wiki moja ya kero," alisema. "Ni virusi, mwili wenyewe unapambana navyo, vinakwisha. Lakini mwili wa mama yako tayari ulikuwa na kazi nyingine. Homa ilipandisha sukari. Sukari ilipopanda ikamtoa maji, ndiyo maana ya ile kiu. Na mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na mafua yakaingiwa na nimonia, maana mwenye sukari isiyotulizwa hana askari wa kutosha wa kuizuia. Ni hivyo hivyo kwa mwenye pumu, kwa mwenye moyo mbovu, kwa mzee sana. Mafua ni yaleyale. Anayeyapata ndiye tofauti."

Nikaandika. Kisha nikamwuliza ugonjwa huo unaitwaje, ninyooshe kumbukumbu zangu, ni mafua, ni sukari, au ni nimonia?

"Vyote," alisema. "Karatasi yako ina nafasi?"

Nilirudi kijijini siku moja kuchukua nguo zake, na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo kwa macho yangu ni baya kuliko la kwanza. Nilipita zahanati mchana, Sista akiwa amekwenda kula. Nikafungua daftari, nikatafuta mstari wa mama mkubwa. Pembeni ya neno mafua nikaongeza, kwa herufi ndogo zilizobanana, "na sukari." Nikapuliza wino ukauke. Nikafunga.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, Sista aliniita. Daftari lilikuwa wazi mbele yake.

"Neno hili limezaliwa lini?"

"Siku ileile, Sista."

"Mwanangu," alisema, "tangu nikujue hujawahi kubana herufi."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nikalia, nikamweleza yote: kopo, benchi, mstari, mpaka lile la kupendeza. Alisikiliza akiwa anakunja bandeji. Nilipomaliza akanipa peni.

"Kata neno lako kwa mstari mmoja, libaki linasomeka. Chini yake andika tarehe ya leo, na uandike kwamba ulijua."

Niliandika. Ukurasa ule ulichafuka, na umebaki hivyo hadi leo.

"Na mimi nina kosa," aliongeza akiwa hanitazami. "Nilimsikiliza kifua sikumwuliza mwenyewe. Nilisoma daftari kwa sababu mwandiko wako ni mzuri."

Mama mkubwa aliruhusiwa siku ya tisa. Nyumbani, alipokuwa anaweza kukaa uani na kumenya muhogo, nilimwuliza lile swali lililokuwa linanikereketa. Niliuliza kwa upole, lakini ndani yake kulikuwa na lawama, nakiri.

"Mama mkubwa, kwa nini siku ile ulisema huumwi kitu kingine?"

Alinishangaa kwa dhati. "Nilikuwa siumwi."

"Na sukari?"

"Sukari siumwi. Sukari ninayo. Wewe ni mrefu, sivyo? Ukienda kwa Sista ukaulizwa unaumwa nini, utasema naumwa urefu?"

Aliendelea kumenya.

"Kuumwa ni kulala," alisema. "Mimi na hiyo sukari tulikuwa tunakwenda shamba pamoja."

"Sasa ningekuulizaje?"

Alifikiri. Kisu kikasimama.

"Ungeniuliza nimekatazwa nini. Hapo ningekutajia mpaka jua lichwe. Mabibo!" Akatupa ganda la muhogo kwa hasira kana kwamba ndilo lililomkataza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejizungumzia mwenyewe, akasema, "Kumbe mimi ni mkorosho wa bondeni." Sisi wote tunajua kwamba ubwiri ni uleule, ila mkorosho wa bondeni, penye ukungu na pasipopata upepo, ndio unaokauka maua kwanza. Tangu siku hiyo alianza kumeza kidonge kila asubuhi. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Alisema mkorosho wa bondeni haungojwi mpaka uonyeshe ugonjwa.

Nilimpelekea Sista swali lile. Alilirudia mara mbili kwa midomo, kisha akasema, "Jaribu." Jumatatu iliyofuata, kwa mgonjwa wa kwanza mwenye mafua, badala ya "unaumwa kitu kingine" nilisema, "Umekatazwa nini?"

"Chumvi," alisema yule mama, bila kusita. "Tangu mimba ya mwisho. Kichwa kilikuwa kinagonga."

Aliyemfuata alikuwa kijana mwenye nguvu zake. "Nimekatazwa kushika mashine ya salfa. Nikiivuta nabanwa, natoa filimbi kifuani." Nilikuwa nimeshamwandikisha mara tatu mwaka ule na sikuwahi kusikia neno pumu. Sista alimwita ndani kabla ya wengine.

Baba mdogo naye akaja. "Nimekatazwa na mke wangu kukaa kwa jirani," alisema, na benchi likaanguka kwa kicheko. Walipotulia aliniinamia akanong'ona, "Na kahawa. Moyo unarukaruka." Niliandika kahawa, na Sista akamsikiliza moyo kwa muda mrefu.

Sitaki kudanganya kwamba swali hili ni dawa. Mwaka uliofuata mzee mmoja alikuja na mafua, nikamwuliza, akajibu hajakatazwa kitu maishani mwake. Ilikuwa kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima. Alifariki baada ya wiki moja, na mpaka leo sijui mwilini mwake kulikuwa na nini. Nililala vibaya siku nyingi, nikijiuliza kama kuna swali la tano, la sita, ambalo mtu mwenye akili zaidi yangu angelijua. Sista aliniambia swali halishindi kipimo. Alianza kuandika barua wilayani kuomba mashine ya presha isiyovuja na vijiti vya kupimia sukari. Zilipita barua nyingi. Vilikuja.

Sasa nakaribia miaka thelathini. Nilipelekwa mafunzo mafupi mjini, nikarudi mezani palepale. Msimu uliopita wa salfa mama mkubwa alipata mafua tena. Alikuja siku ya kwanza ya homa, kopo la maziwa likiwa kwapani. Kabla sijafungua mdomo alisimama mbele ya benchi zima akatangaza:

"Nimekatazwa sukari, soda na mabibo! Andika!"

"Na kuolewa," baba mdogo akaongeza kutoka nyuma.

"Hilo sikukatazwa. Wewe ndiye uliyekataliwa."

Sista alimpima, akampangia kurudi kila asubuhi mpaka homa iishe. Sukari ilipanda kidogo, ikashuka. Wiki ya pili alikuwa shambani, amefunga kanga puani, akiwaelekeza vijana wapi pa kupuliza.

Yaliyobadilika ni haya. Kila mwenye mafua namwuliza amekatazwa nini, na aliyekatazwa kitu haendi nyumbani bila kuambiwa siku ya kurudi. Mgonjwa mmoja nampa mistari miwili katika daftari. Nikikosea nakata neno, na lililokatwa linasomeka.